Mwansa Eko Bado pa Muto

Bel-Air, Lubumbashi, 3 mars 2024

Ruben ndugu yangu,

Jambo sana. Kakule anasema gari yake inatoka kesho asubui na chumvi na sabuni, na kama mvua haikukata barabara utasoma hii mbele ya Pasaka. Kama ilikata, basi, utasoma wakati Mungu anapenda. Réseau ya simu yenu ya Mitwaba ni ya kupanda mulima na kunyoosha mukono juu, njo maana narudia karatasi.

Huku tuko. Courant ya umeme inakatika kila siku, na kila wakati inakatika minakukumbuka. Tulikuwa mu salon yenu, mbele ya ordinateur, ile kompyuta yangu, tunacheza jeu ya ba chevalier, ba askari wa farasi. Nyoka kubwa inafungua kinywa, na pwaa, giza. Miye na Anaclet tulianza kutukana courant. Weye ulisema: "Basi tuendelee na kinywa." Mama yako alikuwa ameleta karanga. Akaikala na sahani yake mu giza, akauliza: "Halafu? Ile nyoka ilimukula?" Njo vile muchezo yetu ilizaliwa, na ordinateur ikabaki kuota vumbi.

Bon, habari ya meza ya muchezo. Benita na Anaclet bamefika ng'ambo ya muto. Benita alizama katikati, lakini unayua sheria: mwenye kuzama hatupe tena ba dé, zile dadu, mwenzake yenye eko karibu na maji njo anatupa kwa ajili yake. Anaclet akatupa kumi, akamutosha na nywele. Benita hajamusamehe juu ya zile nywele. Weye sasa! Kila samedi, jumamosi yetu ya kucheza, Anaclet anafungua fiche yako, ile karatasi ya Mwansa muntu wako wa muchezo, na kulalamika mpaka majirani banasikia: "Mwansa eko bado pa muto!" Kila nikikuandikia, unanijibu kama Mwansa anapumuzika. Muntu gani anapumuzika zaidi ya miaka mitatu? Hata gari ya Kakule haipumuzike vile.

Sikulaumu. Nayua. Ile siku meza ilikuwa yangu, na sheria ya kuweka ba téléphone mu besani wakati wa kucheza ilikuwa yangu. Wakati ulitosha yako mu besani, mama yako Adolphine alikuwa amekwisha kufariki. Na papa yako Zéphirin alisema mbele ya kilio nzima: "Mama yako anakufa, weye unakimbilia muchezo. Usikanyage tena mulango yangu." Mi nilikuwa pale, nimebeba viti mbili. Sikusema kitu. Niliweka viti chini, nikaenda kuleta zingine.

Sasa nimeongeza muntu mupya mu hadithi. Ni muzee mwenye mutumbwi. Anafika pole pole pale Mwansa anaikala, anamutazama, anasema: "Mtoto, kabuti yako imepasuka begani. Lete niishone kwanza. Mtu havuki maji na nguo wazi." Weye unafanya nini?

Kitu ya mwisho. Papa yako anaweka musalaba ya simenti pa kaburi ya mama samedi tarehe 10 août, mwezi wa nane. Hakunituma kukuambia.

Ndugu yako, Franck


Mitwaba, 24 mars 2024

Franck,

Barua ilifika na harufu ya sabuni. Asante. Huku malaria imekamata batoto vibaya. Ku centre de santé tuko miye na sista moja tu, tunalala kwa zamu.

Habari ya musalaba nimesikia. Unayua vile iko mu famille yetu. Baba akisema neno mbele ya kilio, hawezi kuirudisha. Mutoto njo anarudia na kuku mweupe mu mukono, anapiga magoti, anasema: "Nilikosa, nilimuacha mama." Kuku si shida. Magoti si shida. Lakini siwezi kusema kama nilimuacha, juu haiko kweli. Na vile ilikuwa kweli, siwezi kuisema pia. Usiniulize. Minataka kuona ile musalaba kuliko kitu yote, lakini itasimama bila miye.

Sasa huyu muzee wako. Aba, Franck! Tangu lini weye unayua mambo ya kushona? Weye yenye ulikuwa unafunga shati na agrafe, pini ya karatasi ya bureau! Lakini nimemupenda, siyue mbona. Mwansa anavua kabuti, anamupatia, anaikala pembeni na kutazama sindano. Nilitupa ba dé kuona kama anamuamini: nane. Anamuamini. Sikudanganya, sista aliona na akaniuliza kama nimepata wazimu.

Kuvuka, hapana. Muulize tu jina yake.

Ruben


Bel-Air, 13 Aprili 2024

Kwa kijana Franck,

Salamu katika jina la Bwana. Karatasi hii naiweka katika mfuko wa suruali yako niliyopunguza, maana sitaki watu wa kanisa waseme shemasi Zéphirin anatuma barua za mchezo. Ukiisha kusoma, uiharibu.

Nimesoma jibu la mwanangu mpaka karatasi imelegea. Anauliza jina la mzee. Mwambie jina la mzee lilizama zamani. Usimpe langu. Uliniapia, tena uliapa juu ya Biblia ya mama yako.

Yapo mambo ninayokataa. Umeniambia kwamba dé zikianguka vibaya, mwenye mtumbwi anamwibia abiria. Mimi siibi. Na zile dé zenyewe sizigusi. Askari walipiga kura chini ya msalaba ili wagawane nguo za Bwana, na mimi ni fundi wa nguo, jambo lile linaniuma mara mbili. Utupe wewe. Tena umesema mtumbwi una tundu mbele. Mzee gani mwenye akili anavusha watoto wa watu katika mtumbwi wenye tundu? Lizibe kwanza, ndipo tuendelee.

Unaniuliza kila mara kwa nini mimi, niliyeulaani mchezo huu mbele ya watu, nimekuja kuomba nafasi katika meza yenu. Ilikuwa siku ile nilipokuja kukupima koti, nikamsikia Anaclet anapiga kelele kwamba Mwansa yuko bado mtoni. Siwezi kukueleza zaidi. Nina neno na huyo Mwansa, na ninataka avuke. Mtoto akijua kwamba mimi ndimi mwenye mtumbwi, hatavuka hata dunia iishe.

Wewe umetaka abiria alipe nauli ya hadithi moja ya kweli. Sawa. Lakini usimkamue sana, ni mtoto wangu.

Zéphirin


Bel-Air, 21 avril 2024

Ruben ndugu yangu,

Muzee anasema jina yake ilizama zamani. Kabuti amekurudishia. Alishona bega mara mbili, juu "bega ndiyo inabeba". Na mutumbwi imezibwa, usiniulize nani alinilazimisha kuiziba.

Sasa anasema: "Mtoto, mimi sivushi bure. Nauli yangu ni hadithi moja ya kweli, ile ambayo hujamwambia mtu." Uamuzi ni yako. Ukimupatia, maneno ya muzee inabaki kwa muzee. Mi ni maître, mwenye kuongoza muchezo tu, minasoma na kufunga.

Benita anakusalimia. Anaclet amepata kazi ku Kambove, ataanza kukuya samedi moja-moja. Meza inapunguka watu. Kuna siku nikiikala pale na karatasi zangu, naona haya kuwa maître. Ni kuchoka tu, iache.

Franck


Mitwaba, 26 mai 2024

Franck,

Karatasi hii ni yako. Ile ingine yenye nimekunja ndani ni ya muzee. Isome na sauti, kama vile tunafanya pa meza, kisha uiweke mu moto ya mbabula ichomeke. Nilichelewa juu niliianza na kuipasua, niliianza na kuipasua. Kwa muntu mwenye jina na mwenye uso siwezi kuiandika. Kwa huyu muzee naweza.

Ruben

*

Kwa muzee mwenye mutumbwi,

Unaomba hadithi ya kweli. Ikamate.

Kulikuwa mutoto na mama yake. Mama aligonjwa, akalala ku hôpital. Ile samedi mutoto alikuwa pembeni ya kitanda tangu asubui, na baba alikuwa ametoka kutafuta dawa yenye ilikosa. Mama akafungua macho, akauliza: "Leo si samedi?" Ndiyo mama, ni samedi. "Benzako banakungoja. Nenda." Mutoto akasema hapana. Mama akakasirika vraiment: "Unaikala hapa kunichunga kama mi ni sufuria ya maharagi? Nenda ucheze, kisha ukuye unisimulie kama Mwansa alivuka muto. Tangu juzi minafikiri ile muto tu." Akamusukuma na mukono. Nguvu haikukuwa mingi, lakini alimusukuma kweli kweli, na alikuwa anacheka.

Mutoto akaenda. Alicheza na haraka, ba dé ikamukatalia, Mwansa akabaki pa muto. Kisha akatosha téléphone mu besani.

Baba alisema kama mutoto alikimbia. Mutoto angeweza kujibu: "Mama njo alinituma." Lakini mama alikuwa mu sanduku, hawezi tena kusema ndiyo wala hapana. Kwetu hatumutupie marehemu kosa. Bantu bangesema: tazama, anamusingizia mama yake. Na kama baba angemuamini, ingekuwa mubaya zaidi. Angeyua kama bibi yake alibaki peke yake juu alitaka hadithi. Mutoto alifikiri kasirani ya baba inabebeka, ile ingine haibebeke. Akaibeba, akaenda nayo mbali.

Njo maana Mwansa havuke. Akivuka, yenye alitaka kusikia hayuko.

Nauli yako njo hiyo, muzee. Hata kama hunivushe, nimepumua kidogo.

Mwansa


Bel-Air, 9 juin 2024

Ruben,

Sikuichoma.

Nilisoma ile barua yako ya muzee peke yangu, nikalia kama mutoto. Kisha nikaiweka mu mufuko, nikaenda nayo kwa fundi, nikamupatia. Muzee mwenye mutumbwi ni Papa Zéphirin. Tangu mwanzo. Ile kabuti, ile bega, ile jina yenye ilizama, yote ni yake. Miye nilikuwa nakopia tu.

Alikuya kwangu mwezi wa pili kunipima koti, akasikia Anaclet anapiga kelele habari ya Mwansa, akaikala chini kama muntu amepigwa. Tangu pale akaanza kuuliza: Mwansa ni nani, ni wa nani, anafanya nini pa muto. Nikamueleza. Mbele ya kuondoka akaniomba nafasi, na akaniapisha nisikuambie. Mi nilifurahi, Ruben! Nilifikiri: tazama, baba na mutoto banaongea, hata kama ni kwa njia ya mutumbwi ya karatasi. Nilifikiri mbele ya tarehe 10 août utakuwa umerudi. Nauli ya hadithi ya kweli, ile ilikuwa akili yangu miye. Ukiniuliza kama nilikuwa natega, nitakujibu ndiyo, nilikuwa natega. Lakini sikuyua kama kitu ya namna hii njo itaingia mu mutego.

Nilimupatia barua yako akiwa anakata kitambaa. Alisoma amesimama wima. Kisha akarudia kukata, na akakata koti ya muntu katikati ya mugongo, mukasi ikaenda tu. Tangu ile siku mulango ya atelier yake ya kushona imefungwa. Dimanche hakukuya ku kanisa, na bantu bananiuliza miye kama eko mugonjwa. Nikipita karibu na dirisha, machine haisikike.

Ningeweza kunyamaza. Hungeyua. Lakini nilinyamaza siku ya kilio na ile viti mu mukono, na uliona vile ilitufikisha. Nilichukua kitu yenye ulinikabizi na macho imefungwa, nikaipeleka pale ulikuwa umekataa kuipeleka miaka yote hii. Siombi uniambie si kitu. Ni kitu. Minasikia haya mpaka chakula inanikatalia.

Franck


Mitwaba, 30 juin 2024

Franck,

Niliikala na ile siri juu ya kumuchunga Papa. Weye ukaichukua na mikono yako ukamutwanga nayo. Sasa eko mu nyumba peke yake, mulango imefungwa, na miye niko huku. Akipata tension ya damu, nani atamuona? Weye, kupitia dirisha?

Na yeye, kunivalia uso ya muntu mwingine ili nimuamini! Nane, niliandika. Anamuamini. Mulicheka?

Mwansa amekufa. Aliingia mu maji peke yake, akazama. Andika vile pa fiche, na neno ya muchezo ni neno. Nimemuambia Kakule asikamate tena barua yako.

Ruben


Bel-Air, 14 Julai 2024

Mwanangu Ruben,

Kakule alikataa barua ya Franck. Yangu aliigeuzageuza, akasema barua ya baba hairudishwi, akaipokea. Franck amenionyesha jibu lako. Usimkasirikie peke yake, mimi nilimwapisha. Na hatukucheka. Uliposema nane, nilimwuliza Franck nane ni nyingi ama ni kidogo. Akasema ni nyingi. Nikatoka nje nikasimama kidogo.

Uliniletea hadithi yako, nami nina yangu. Siku ile nilirudi na dawa, nikamkuta mama yako peke yake, macho wazi. Nikamshika mkono. Hakuuliza dawa. Aliniuliza: "Mwansa alivuka?" Nikamwambia: Mwansa gani? Akasema tena: "Mwansa. Alivuka?" Akaondoka na jina lile mdomoni.

Ruben, mimi sikumjua Mwansa. Nilimwoa mama yako akiwa msichana, tukatoka Kasai pamoja, tukazaa, tukazika, na neno lake la mwisho katika dunia hii lilikuwa jina la mwanaume nisiyemjua. Unaelewa? Wewe ulikuwa na siri ya kumtunza mama. Mimi nilikuwa na wivu. Katika kilio nilikaa na kuwatazama wanaume wakiingia mmoja mmoja, nikifikiri: ni huyu? ama ni yule? Yupo Mwansa anayeuza makala, makaa ya kupikia, kwenye kona ya barabara yetu. Mtu mpole, ana wajukuu. Aliniletea suruali niipunguze kidogo, nikaifanya fupi makusudi, akatembea nayo miguu nje mtaa mzima, na akanishukuru. Tazama baba yako shemasi.

Sikuweza kumwuliza mtu. Ningemwuliza nani? Basi hasira ile ikatafuta mahali pa kuangukia, ikakuta wewe umechelewa. Nilikufukuza kwa ajili ya mchezo, lakini moyoni nilikuwa nafukuza kitu kingine, nawe ulisimama mbele yake.

Siku ile kwa Franck niliposikia "Mwansa eko bado pa muto", nilikaa chini. Nikauliza Mwansa ni nani. Franck akanionyesha karatasi yenye mwandiko wako. Mwansa, kijana, anapenda pilipili, anaogopa maji. Huyo ndiye niliyemhesabia mama yako kama mpenzi wake miaka mitatu na zaidi. Karatasi! Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilikuwa nimemkosea yeye kaburini na wewe porini, na sikuwa na mlango wa kurudia. Mtumbwi ule ulikuwa mlango. Nilifikiri, angalau nimvushe huyu mtoto, ili mama yake apate jibu. Lakini sikujua bado kwa nini aliuliza. Barua yako ndiyo ilinieleza: alikuwa anangoja wewe umsimulie. Na mimi nilikupiga kwa hadithi hiyohiyo.

Ile siku nilipoisoma sikukasirika. Nilifunga atelier kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukata koti la mtu katikati ya mgongo, na nguo za watu si zangu za kuharibu. Sasa nimefungua. Kwa mzee Mwansa wa makala nimepeleka suruali mpya. Aliniuliza sababu, nikamwambia ni sikukuu.

Kwetu mtoto ndiye anayeleta kuku mweupe. Usilete kuku. Kuku nimenunua mimi, yuko uani, ananipigia kelele asubuhi. Siku ya msalaba nitamshika mimi mkononi mbele ya watu wote waliokuwa katika kilio, nami nitasema maneno yale: nilikosa. Wakiniuliza desturi imetoka wapi, nitawaambia wakaulize kwao.

Unasema Mwansa amezama. Ni mchezo wako, sina sheria juu yake. Lakini mtumbwi bado uko ukingoni, na mzee hajaondoka.

Baba yako, Zéphirin


Mitwaba, 1 août 2024

Franck,

Gari ya Kakule inateremuka jumanne na mahindi. Niko ndani, nimeomba ruhusa. Hii barua inatangulia na chauffeur mwingine wa Kakule yenye anatoka leo.

Sijakusamehe muzuri-muzuri. Nikifika utanitazama mu macho na utasikia haya, na miye pia nitasikia haya juu ya maneno ya "mulicheka", kisha tutaona. Lakini hii barua umupatie Papa. Safari hii miye njo nakutuma. Siwezi kumuandikia yeye wazi, nimeanza "Papa" nikaishia pale, na karatasi imekwisha huku.

Nilisoma barua yake ku centre, batoto banalia pande zote. Nilifika pa suruali ya Mwansa wa makala nikacheka mpaka sista akakuya mbio. Kisha nikasoma "Alivuka?" na cheko ikageuka. Nilifikiri mama alikufa peke yake. Miaka yote hii nilifikiri vile. Kumbe Papa alikuwa amemushika mukono.

Sasa muambie hivi. Nilisema Mwansa alizama, na neno ya muchezo ni neno, siirudishe. Lakini sheria pia ni sheria, weye njo uliiandika: mwenye kuzama hatupe tena ba dé, muntu yenye eko karibu na maji njo anatupa kwa ajili yake. Na barua yake inasema wazi kama muzee hajaondoka. Basi ni yeye. Weye usitupe. Anaclet asitupe. Papa Zéphirin, na mukono yake ya shemasi.

Nayua maneno yake ya ba askari chini ya musalaba, alituhubiria tangu utoto. Amuambie Mungu kama safari hii hakuna yenye anagawana nguo.

Ulete zile dé za mufupa, ziko mu bati la biscuit. Samedi, bantu bakisha kuomba na kuimba, bakisha kuona kuku wake, bende bakule. Tutabaki pale batatu, weye, miye na Papa, pamoja na mama. Papa atatupa pa simenti ya musalaba. Ikianguka muzuri, muzuri. Ikianguka mubaya, Mwansa atabaki mu maji na tutalia kidogo. Mama aliuliza kama alivuka, hakuomba tumudanganye.

Na umuambie Papa asitangulie kumujibu mama mbele yangu, hata kwa moyo. Ile hadithi alinituma miye. Nitamusimulia mwenyewe.

Ruben